Mpango wa Miaka Mitano wa Idalina Borba

Idalina Borba hakuupenda ukungu wa Januari hata siku moja, lakini mwaka ule aliupokea kwa mikono miwili, kwa sababu ulimpa kisingizio cha kwenda polepole. Alikuwa amebebeshwa kazi ambayo wenzake wote waliikwepa: kuandika mpango wa miaka mitano wa kompyuta, nyaya na simu za Wilaya ya Vyuo ya Llano Alto, yaani vyuo vitatu vilivyotawanyika katikati ya mashamba ya lozi na mifereji ya kumwagilia, kila kimoja kikijiona ndicho kichwa cha wilaya.

Mpango uliotangulia ulikuwa aibu tupu. Uliandikwa na washauri kutoka mbali, na katikati yake ulitaja mara kadhaa chuo ambacho hakimo wilayani wala hakimo California. Washauri walikuwa wamenakili mpango wa watu wengine wakasahau kufuta jina. Kamati ya teknolojia, ambayo ndani yake wamo walimu, wafanyakazi na wanafunzi, kwa maana huko hakuna jambo linalopita bila kila kundi kusema lake, iliujadili mpango ule muhula mzima, ikabishania neno "endelevu", ikaupigia kura, na hakuna aliyeliona lile jina geni. Walioliona ni wakaguzi wa ithibati. Ndipo Dkt. Thornbury, naibu mkuu wa wilaya, alipomwita Idalina akamwambia safari hii anamtaka mtu wa nyumbani, aandike anachokiona kwa macho yake.

Idalina alikuwa mtu wa nyumbani kweli. Alizaliwa kwenye boma la ng'ombe wa maziwa nje ya mji wa Delmira, katika ukoo uliotoka visiwa vya Azores vya Ureno, akaingia chuoni kama mpokea simu enzi za swichibodi, na swichibodi ilipoondolewa akajifunza kompyuta akiwa mtu mzima, huku vijana wakimcheka. Sasa alikuwa meneja wa mitambo ya wilaya nzima, mjane, mwenye magoti mabovu na ulimi mkali. Alikuwa na imani moja ya kazi, na aliwahubiria mafundi wake hadi wakachoka: kitu kisitegemee uzi mmoja. Kila njia iwe na njia ya pili, kila seva iwe na pacha wake, kila mtambo uwe na umeme wa akiba. Akigundua mahali ambapo waya mmoja ukikatika jengo zima linakaa kimya, alikosa usingizi.

Hivyo akazunguka vyumba vyote vya nyaya. Mwenzake wa mizunguko hiyo alikuwa Mai Der Thao, fundi pekee wa kompyuta katika chuo cha Granger, kile kidogo kuliko vyote, mwisho wa barabara ya magharibi. Mai Der alikuwa Mhmong, wa jamii iliyokimbia vita milimani Laos, mwembamba, mkimya mbele za wakubwa na mcheshi wakiondoka. Waliyoyakuta humo ndani, mtu angelia kama si kucheka. Swichi ya mtandao iliyolisha jengo zima la uuguzi ilikuwa juu ya sinki la wafagiaji, imevishwa mfuko wa plastiki. Kulikuwa na kebo yenye kibandiko cha "usiguse", kimeandikwa kwa mkono wa fundi aliyekwisha kufa, na tangu afe hakuna aliyethubutu kuigusa. Walipoifuata darini walikuta haijaunganishwa na kitu chochote.

"Marehemu alikuwa na ucheshi wake," Mai Der akasema.

"Marehemu alikuwa mvivu," Idalina akajibu. "Ikate, mwanangu, dhambi juu yangu."

Mchana walikula ndani ya gari la kazi, Idalina na mkate wake wa soseji, Mai Der na wali wa kunata na pilipili ya kutwanga, wakibadilishana nusu kwa nusu. Ni humo garini Idalina alipofahamu habari ya Kou, mume wa Mai Der. Kou alilima stroberi na mboga kwenye shamba la kukodi, na alikuwa na saratani ya damu, ile ya polepole ambayo mtu anaweza kuishi nayo hadi uzee ilimradi ameze kidonge chake kila siku bila kuruka. Vidonge hivyo bei yake si ya mkulima. Vililipwa na bima ya afya ya kazi ya Mai Der, na kwa hiyo Mai Der hakuwahi kuchelewa kazini, hakuwahi kugombana na mtu, na alipoona bahasha ya wilaya kwenye sanduku la barua aliifungua palepale barabarani. Alilieleza hili huku akifunga bakuli lake, bila kuomba chochote. Idalina alilisikia kwa masikio mawili na hakulisahau.

Mwanzo wa Machi, majira ya maua ya lozi, wakati mashamba yote yamevaa nyeupe na nyuki wa kukodi wanavuma kila mahali, Dkt. Thornbury aliyasoma maandishi ya kwanza akayasifu, kisha akafunga mlango. Seva za vyuo vitatu zikusanywe mahali pamoja, alisema, hilo limekubalika. Nyaya zibadilishwe, limekubalika. Lakini bodi haitapitisha mpango ambao haupunguzi mtu hata mmoja. Lazima nafasi moja ya kazi ifutwe. Washauri wa zamani walikuwa wamependekeza nafasi ya fundi wa Granger, maana seva zikiondoka kule, fundi abaki wa nini?

Idalina alimwambia kwamba seva zikiondoka, wanafunzi na walimu hawaondoki, na kompyuta zao ndizo zinazoharibika. Aliongea sana siku hiyo. Naibu mkuu alimsikiliza kwa adabu akamwambia sawa, si lazima iwe Granger, chagua mwenyewe, ila iwe moja.

Akatoka amepigwa na butwaa, akaenda moja kwa moja kwa Lyle Stribling.

Lyle alikuwa fundi wa simu wa wilaya, mzee wa suruali za kubana na kofia yenye nembo ya trekta, wa ukoo wa wale waliokuja kwenye bonde hili zamani wakikimbia ukame na vumbi la Oklahoma. Aliajiriwa kabla ya wote waliobaki katika idara. Mtambo wake wa simu ulikuwa unakufa, vipuri vyake vikiokotwa kwa wauza mitumba, na katika mpango mpya simu zote zingepita kwenye mtandao. Lyle mwenyewe alikuwa anaimba wimbo mmoja tu: kustaafu, kununua boti na kuhamia ziwani na mkewe Darla. Idalina alimkuta uani akikunja nyaya za zamani, akamweleza yote bila kuficha, hata habari ya vidonge vya Kou.

"Sasa wewe binti wa ng'ombe unazunguka nini?" Lyle akasema. "Ifute yangu. Mimi Desemba sipo hapa. Nitakuwa nimekaa kwenye boti, nawahurumia."

"Hiyo boti utaizamisha siku ya kwanza. Lyle, nisikilize. Barua ya kustaafu umeshaipeleka?"

"Naipeleka mwezi wa Septemba, pensheni yangu inanona kidogo. Unataka na kiapo? Mkono wangu huu hapa."

Idalina akaupokea mkono ule. Watu wa Delmira wa rika lao walinunuliana ng'ombe na ardhi kwa mkono, na kudai karatasi baada ya mkono kutolewa ni tusi. Basi akaenda akaandika: nafasi ya fundi wa simu ifutwe, nafasi ya Granger ibaki. Usiku huo alilala kama mtoto, masikini, akijua kwamba hakuna atakayemwaga unga kwa sababu yake.

Kulikuwa na kanuni moja ambayo aliijua kuliko mtu yeyote, na ndiyo maana inauma. Katika vyuo vile, nafasi ya mfanyakazi ikifutwa, halazimiki kuondoka yeye. Akiwa amewahi kushika kazi nyingine wilayani, ana haki ya kurudi kwenye kazi ile na kumtoa aliyeajiriwa baada yake. Idalina mwenyewe aliipigania ujanani, akishika bango la chama cha wafanyakazi kwenye jua kali, kwa sababu bila kanuni hiyo wakubwa wangefukuza wakongwe na kuajiri watoto kwa mshahara nusu. Ni kanuni nzuri. Hakuifikiria kwa Lyle kwa sababu Lyle alikuwa anaondoka.

Mwezi wa Mei Mai Der alimpigia simu akaomba wakutane. Walikaa kwenye benchi nje ya maktaba ya Granger, na Mai Der alionekana ana jambo linalomwasha. Hospitali ya kaunti ilikuwa imempa kazi: fundi wa kompyuta, mshahara uleule au zaidi kidogo, bima nzuri. Ila angeanza upya kama mgeni, angeendesha gari mbali kila siku, na Kou akizidiwa hangekuwa karibu. Hakutaka kwenda. Lakini alikuwa amesikia minong'ono kwamba kuna nafasi inafutwa, na hospitali ilitaka jibu Ijumaa.

"Dada Ida, nitakuuliza mara moja tu," alisema. "Kazi yangu iko salama au haiko?"

Hapa lazima isemwe kwamba Idalina alimpenda binti huyu. Na lazima isemwe pia kwamba alimhitaji: seva za Granger zilikuwa zinahamishwa kiangazi hicho, na bila Mai Der kazi ile ingekuwa jehanamu. Mambo haya mawili yalikuwa yamefungana ndani yake, na hakusimama kuyatenganisha. Mpango ulikuwa mkobani mwake, umechapwa vizuri, jina la nafasi ya Lyle limeandikwa.

"Iko salama," akasema. "Nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Usiende kokote."

Mai Der alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo, akampigia Kou palepale, wakazungumza kwa lugha yao. Idalina hakuelewa neno hata moja, lakini sauti ya Kou aliisikia ikipanda kwa furaha.

Bodi iliupitisha mpango mwezi wa Juni bila kupinga. Mjumbe mmoja alisema hajawahi kusoma mpango wa kompyuta akauelewa hadi siku ile. Kiangazi chote Idalina na Mai Der walivuta kebo, wakahamisha seva, wakachimbisha njia ya pili ya mkongo wa mawasiliano kwenda Granger, mbali na ile ya ukingoni mwa mfereji ambayo kindi wa ardhini waliitafuna kila mwaka. Joto lilikuwa la kuchemsha ubongo. Wilaya ilikuwa haijawahi kuwa na mitambo imara namna ile, na Idalina, ambaye si mtu wa kujisifu, alipita kila chumba cha nyaya akipapasa makabati.

Mwisho wa Agosti Lyle alikuja ofisini kwake, akavua kofia. Idalina alikuwa hajawahi kumwona bila kofia.

Aliketi ukingoni mwa kiti. Kisha akasema Darla ana uvimbe. Walikwenda kwa daktari kwa sababu ya maumivu ya mgongo tu, wakapigwa picha, wakaitwa tena. Upasuaji, halafu dawa za kutiwa mishipani, halafu tuone. Lyle hakuwa amefikia umri wa bima ya wazee, Darla ndiyo kabisa, na bima ya wastaafu wa wilaya ilimfunika mstaafu peke yake, haimfuniki mke.

"Barua sikupeleka," alisema. "Wala sitapeleka, Idalina."

"Lakini nafasi yako haipo tena, Lyle. Imeshafutwa."

"Najua. Nimetoka kwa watu wa utumishi. Kabla ya simu mimi nilikuwa fundi wa Granger. Miaka miwili tu, wakati mashine zenyewe ziko mbili. Wewe ulikuwa bado swichibodi." Alikuwa anaizungusha kofia mikononi. "Wanasema ninaweza kurudi kule."

Idalina alimwangalia. Alitafuta neno la kumtukana na hakulipata, kwa sababu angefanya vilevile; kwa Gil, marehemu mumewe, enzi za ugonjwa wake, angemtoa mtu yeyote kazini bila kufumba jicho.

"Ulinipa mkono," alisema mwishowe.

"Nilikupa. Na wewe niambie basi, nikamwambie nini Darla?"

Lyle alivaa kofia yake akatoka, na Idalina alilia, yeye ambaye hata msibani watu walimwita jiwe.

Siku zilizofuata alihangaika huku na huko. Watu wa utumishi walimthibitishia: rekodi ya zamani ni halali, haki ni haki. Alikwenda chamani, kwa watu aliowalea mwenyewe, nao wakamkumbusha kwa upole maneno aliyokuwa akiyapiga kwenye kipaza sauti ujanani. Akaenda kwa Dkt. Thornbury akasema atastaafu yeye, leo hii, nafasi yake ifutwe badala ya ile nyingine. Naibu mkuu aliguswa kweli. Alimweleza kwamba nafasi ya meneja iko kwenye kundi lingine, haiwezi kubadilishwa na ya fundi, na hata ingewezekana ingebidi ifunguliwe upya mbele ya kamati, kisha baraza, kisha bodi, na siku za kisheria za notisi zinakwisha kabla ya hapo.

"Ungelileta hili mwezi wa Machi," alisema, "tungelipanga."

Mwezi wa Machi halikumjia akilini. Alikuwa amehesabu kila mtambo na kila mtu wa idara, akapima nani aondoke, na nafsi yake hakuiweka mezani. Alilijua hilo akiwa amesimama pale kwenye zulia la naibu mkuu.

Alikwenda Granger kumwambia Mai Der mwenyewe kabla bahasha haijafika. Mai Der alikuwa amepiga magoti chini ya meza ya maabara akiunganisha nyaya. Alisikiliza palepale sakafuni. Hakupiga kelele. Aliuliza kuhusu Darla, akasema pole zake zifikishwe. Kisha akaipigia hospitali ya kaunti, simu ikiwa kwenye spika, na mwanamke wa upande wa pili akasema kwa sauti tamu kwamba nafasi ile ilishajazwa tangu Juni, lakini jina lake watalihifadhi.

"Nilikuuliza swali moja tu, dada," Mai Der akasema baada ya kukata simu. "Ungesema hujui, ningeenda."

"Nilidhani najua."

"Hapana. Ulitaka nibaki."

Akarudi chini ya meza akamalizia waya wake.

Wiki za mwisho alizitumia kumfundisha Lyle. Mzee alikuwa hajagusa kompyuta ya mwanafunzi tangu enzi hizo za mashine mbili, na alisahau leo alichoonyeshwa jana, kwa umri na kwa kukosa usingizi. Mai Der alimwelekeza polepole, mara ya tatu, mara ya nne, akambandikia vibandiko kwenye makabati. Wawili hao hawakuweza kutazamana usoni. Siku ya mwisho Lyle alimletea pai ya pichi aliyoioka Darla kabla ya kulazwa, na Mai Der akaipokea, akaenda nayo nyumbani kwa watoto wake.

Yaliyofuata Idalina aliyapata vipande vipande. Mai Der aliajiriwa kwenye kiwanda cha kufunga lozi, kazi ya msimu isiyo na bima. Wakaandikishwa bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, wakatolewa msimu ulipoongeza kipato, wakaandikishwa tena. Daktari wa Kou hakuipokea bima hiyo mpya, dawa ikahitaji kibali, kibali kikakataliwa, wakakata rufaa. Na Kou, bila kumwambia mkewe, alikuwa ameshaanza kuruka siku ili chupa iliyobaki ifike mbali. Barua ya kukubaliwa rufaa ilipokuja, ugonjwa ulikuwa umeshaacha upole wake.

Wakaguzi wa ithibati nao walikuja. Waliupongeza mpango wa Llano Alto kwa maandishi, wakautaja kuwa wa kuigwa na wilaya nyingine.

Kou alizikwa mwanzo wa kiangazi kilichofuata. Idalina alikwenda kwenye ukumbi wa mazishi wa Wahmong pale Delmira, akiwa na bahasha ya rambirambi mfukoni kama desturi yao inavyotaka. Ngoma ilikuwa inalia na zumari la mianzi linalia, na wanawake walikuwa wamekaa mezani wakikunja vijikaratasi vya rangi ya dhahabu na fedha, pesa za kumpa marehemu njiani. Alitafuta kiti cha pembeni. Alitaka kukaa bila kuonekana, lakini Mreno mmoja katika ukumbi mzima wa Wahmong haonekani vipi?

Mama mmoja wa makamo, shangazi yake Kou, alikuja na sahani ya nyama ya kuchemsha na wali, akamsalimia vizuri, akamuuliza alimjuaje marehemu.

"Nilikuwa bosi wa Mai Der chuoni," Idalina akasema.

"Aa." Yule mama alimtazama kwa makini, bila chuki, kama mtu anayeunganisha jina na sura. "Basi wewe ndiye uliyemwambia abaki."

Mai Der alikuwa amesimama karibu, kitambaa cheupe cha msiba kichwani, amekonda, na alikuwa amesikia.

"Ndiye," alisema. "Mpe chakula, shangazi. Ametoka mbali."

Idalina akapokea sahani kwa mikono miwili, kwa sababu walikuwa wanamtazama, akaanza kula.